Siku Mathe Alipokalia Nyasi

Kabla ya korona, mathe alikuwa na msimamo mmoja kuhusu bustani za jiji: ni za watu wasio na kazi. Akiona kwenye simu picha zetu tumejilaza Uhuru Park, anauliza, "Kwani nyinyi hamna kwenu?" Ameishi Nairobi tangu 1988. Ameuza mboga miaka mingi, kwanza tao, baadaye huku Huruma. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuketi kwenye nyasi za jiji hili hata siku moja. Nyasi alizozijua ni za ushago, na hizo zilikuwa za ng'ombe.

Juni 2020 alikaa. Nimechukua muda kuelewa kwa nini ilihitaji ugonjwa kumfikisha pale, na jibu nililopata lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Unakumbuka ilivyoanza. Machi 13, 2020, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza. Shule zikafungwa siku chache baadaye. Machi 27 kafyu ikaanza: saa moja jioni uwe ndani, mpaka saa kumi na moja asubuhi. Aprili 6, Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi nilikuwa napokea wageni kwenye hoteli fulani. Tukaambiwa twende nyumbani kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo.

Kwetu ni gorofa ya tano, vyumba viwili, watu wanne. Redio ilisema tukae nyumbani, na sisi tukakaa, lakini hebu fikiria maana ya kukaa nyumbani kwa ploti ambayo watu wa gorofa nzima wanatumia bomba moja. Mahali pekee pa kupata hewa palikuwa balkoni. Halafu mwishoni mwa Machi, Kiamaiko, hapa tu karibu na sisi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa amesimama kwenye balkoni ya kwao, polisi wakiwa kwenye shughuli ya kafyu. Kuanzia usiku huo mathe akapiga marufuku balkoni. Ikifika saa moja, mlango unafungwa, pazia linashushwa, na tunasikiliza majirani wakikohoa.

Ndiyo maana nikaanza kutembea. Asubuhi na mapema, kafyu ikiisha tu, nashika Juja Road, napita Mathare, nafika Pangani, navuka niingie ile barabara ambayo sisi wengine bado tunaiita Forest Road ingawa siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wapi! Njia ilikuwa na watu kuliko siku za kazi. Gym zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo vijana walibeba mawe na vibuyu vya maji vilivyojazwa mchanga. Baa zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo walevi wa jana walikuwa wanakimbia, au angalau wanatembea haraka. Watoto wasio na shule walikuwa juu ya baiskeli. Kanisa lilikuwa limefungwa, na siku moja nikaona watu sita wamesimama chini ya mti wakiomba, kila mtu mbali na mwenzake, maski mdomoni.

Nikafika mpaka geti la Karura, upande wa Kiambu Road. Pale baiskeli zilikuwa nyingi hadi nikashangaa zimetoka wapi. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000, katikati ya jiji, na kuingia ilikuwa kama soo moja hivi. Soo si pesa nyingi, mpaka siku huna. Kwetu wakati huo soo ilikuwa sukuma, nyanya na nusu ya unga. Nikageuka. Nikarudi City Park, ambako hakuna wa kukuuliza pesa, na hapo ndipo pakawa mahali pangu.

Sasa, usiku wa kafyu ni mrefu. Wengine waliangalia filamu, mimi nikaanza kusoma historia ya Nairobi kwenye simu, bando likiruhusu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini nilazimike kutembea zaidi ya saa moja ndio nione mti mkubwa? Chukua ramani uangalie. Karura, Arboretum, City Park, Uhuru Park, viwanja vya gofu vya Muthaiga: karibu vyote viko kaskazini na magharibi. Ukija upande wetu wa Eastlands unapata Kamukunji, uwanja wenye historia kubwa ya siasa na vumbi jingi vilevile. Hiyo si bahati mbaya.

Reli ilifika hapa 1899. Mwaka wa 1902, mji ukiwa bado ni mahema na mabati, tauni ikaingia. Ile ya panya. Wakubwa wa mji waliamua kuchoma moto soko la Wahindi, maduka na nyumba zote, ili ugonjwa uishie kwenye majivu. Haikuisha. Tauni ilirudi tena na tena, na kila iliporudi, wakubwa hawakuzungumzia mitaro wala msongamano pekee. Walizungumzia ni nani anaishi karibu na nani.

Mwaka wa 1913 akaletwa daktari kutoka Uingereza, William Simpson, aje kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Pendekezo lake lilikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika waishi mbalimbali, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine kuachwe ukanda mtupu wa wazi, usiojengwa, wenye upana wa yadi 300 au zaidi. Soma hapo pole pole. Ardhi ya wazi ndani ya mji, kwa fikra za Simpson, haikuwa mahali pa watu kukutana. Ilikuwa mahali pa kuhakikisha hawakutani. Nyasi zilipaswa kufanya kazi ya ukuta.

Mpango wake haukutekelezwa wote kama alivyoutaka, na 1923 serikali ya Uingereza iliachana rasmi na sera ya kutenga Wazungu na Wahindi mijini. Lakini jiji lilikuwa limeshaanza kuchukua sura. Bei za mashamba na masharti ya hati zikaendeleza kazi ambayo sheria iliacha. Miti ikabaki upande mmoja, vyumba vya vibarua vikajengwa upande mwingine. Hata Arboretum, ambayo tunaipenda kwa picha za harusi, ilianzishwa 1907 kwa ajili ya kujaribu miti itakayokua haraka iwe kuni za gari moshi. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu kama mathe akitafuta kivuli.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonigusa zaidi. Kufikia 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni, kinachoonyesha ameajiriwa na nani. Alikuwa mjini kwa sababu ya kazi. Bila kazi, hakuwa na sababu ya kuwa mjini, na kuzurura likawa kosa la kukamatwa. Yaani mtu mweusi aliyeketi chini ya mti Nairobi, ametulia, hana mzigo, hana bosi, alikuwa tayari na kesi.

Niliposoma hayo, nikasikia sauti ya mathe. Za watu wasio na kazi. Nilikuwa nimedhani ni ukali wa mama wa ushago. Kumbe ni sheria ya zamani imebaki ndani ya mwili wa mtu ambaye hata hakuzaliwa ilipoandikwa. Miaka ya tisini akiuza mboga tao, alijifunza kuwa anayetulia ndiye anayeshikwa. Ulikuwa unauza ukiwa umesimama, gunia limefungwa kamba kwenye pembe nne, ili askari wakitokea uvute mara moja ukimbie. Kukaa chini tao kulikuwa ni kupoteza bidhaa. Nani angemfundisha kupumzika mahali ambapo maisha yake yote alikuwa akikimbia?

Si kwamba hakuna aliyejaribu kututetea. Mwaka wa 1989, mwaka mmoja baada ya mathe kufika jijini, Wangari Maathai alipinga jumba la gorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya Uhuru Park. Akatukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa. Januari 1999 akapigwa yeye na wenzake walipokwenda kupanda miti Karura, wakati msitu ulikuwa unagawanywa kwa wajanja. Mathe anakumbuka kusikia habari hizo. Anasema alimwonea huruma, lakini akaona ni mambo ya watu waliosoma. Bustani iliokolewa kwa ajili yake, na yeye hakujua.

Halafu Juni 2020 mjomba akafariki, Murang'a. Ndugu pekee wa mathe aliyekuwa amebaki. Si korona, ni sukari. Kutoka Huruma hadi kwao ni safari ya saa mbili, lakini barabara zilikuwa na vizuizi, na mazishi yalikuwa ya watu 15 tu. Mathe alimzika kaka yake kupitia simu yangu. Picha ilikuwa inakwama. Wakati wa kushusha jeneza mtandao ukapotea, na uliporudi, watu walikuwa wameanza kutia udongo.

Baada ya hapo akalala. Siku nane hivi, anaamka kupika tu. Hakuna aliyekuja kutuliza matanga, kwa sababu kila mtu aliogopa kila mtu. Siku ya tisa nikamwambia, "Mama, twende tutembee."

"Nitembee niende wapi?"

"City Park tu. Kuna miti."

"Miti!" alisema, kama nimemtusi. Lakini alivaa viatu.

Tulitembea pole pole. Getini akasimama. "Hapa watu hulipa?"

"Hapana."

"Na askari wakituuliza tunafanya nini?"

"Tutawaambia tunapumzika."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia uongo mzuri. Tukaingia. Kwa dakika kama kumi alikataa kukaa, akazunguka akiangalia miti moja moja, akiitaja kwa majina ya Kikuyu ambayo sikuwa nayajua. Kisha akatandika leso na kukaa, miguu imenyooshwa. Kima akashuka akanyakua ndizi kutoka kwenye mfuko wake, akapanda nayo juu, akaanza kuimenya huku akimwangalia. Mathe akacheka. Baada ya kucheka akalia, na baada ya kulia akaanza kunieleza jinsi mjomba alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto wakienda shule. Alizungumza hadi mchana. Hakuna kuta za jirani, hakuna aliyetusikia. Yale ndiyo yalikuwa matanga yetu.

Humo humo City Park kuna makaburi. Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965, amelala pale, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, akazikwa karibu naye. Nilimwonyesha mathe. Akasema, "Kumbe hata hawa walikosa ushago, wakazikwa na marafiki." Sikumsahihisha.

Sitaki kudanganya kwamba korona ilibadilisha jiji. Julai 7 barabara zikafunguliwa, mathe akaenda Murang'a kuona kaburi. Kafyu ikaondolewa Oktoba 2021, na wengi wa wale wakimbiaji wa Forest Road wakarudi kwenye baa zao, na sitawalaumu. Serikali nayo ilituchanganya. Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa inajengwa na miti inaangushwa, mugumo mmoja mkubwa wa Westlands uliokolewa kwa agizo la rais baada ya watu kupiga kelele. Mugumo mmoja. Mwaka uliofuata Uhuru Park ikafungwa kwa ukarabati. Na jirani yake, kwa wakati huo huo, likawa linajengwa jambo linaloitwa Green Park. Ni stage ya matatu.

Kilichobadilika ninachoweza kukiapia ni kidogo. Chama cha mathe, akina mama saba, kilikuwa kinakutana nyumbani kwa zamu. Wakati wa korona hakuna aliyetaka wageni ndani, kwa hivyo mathe akawaambia anajua mahali. Wakaenda City Park na chai kwenye thamosi. Korona iliisha, hawakurudi ndani. Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya kanisa, wanapanda matatu hadi Ngara, wanamalizia kwa miguu, wanatandika leso.

Mwaka jana niliwasindikiza. Mlinzi mmoja kijana akapita, akawaona wamekaa duara na daftari la hesabu katikati, akauliza, si kwa ubaya, "Akina mama, mnafanya nini hapa?"

Wengine wakaanza kukusanya vikombe, kwa mazoea tu. Mathe hakuinuka.

"Tumekaa," alisema.

Kijana akangoja maelezo zaidi. Hayakuja. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na njia yake.