Wanafunzi wa Kamina na Misa Luba

Mara nyingi tunasikia wazazi wetu wakilalamika kwamba kwaya, michezo na maigizo vinaiba wakati wa masomo. Tuwasikilize kwa heshima, maana karo ya shule wanailipa kwa jasho. Lakini historia ya Katanga inatupatia habari moja ya kuwasimulia.

Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina akakabidhiwa kuongoza shule. Huko aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kwaya ikapewa jina la mfalme wa Wabelgiji wa siku zile: Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina lilitoka ng'ambo, bali sauti zilitoka nyumbani.

Siku zile Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, na katika misheni nyingi ngoma zetu zilihesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Wanafunzi wa Kamina na walimu wao waliyashika maneno yale yale ya Kilatini, wakayavika nyimbo za wazee wao. Kyrie waliiimba kwa namna ya kasala, maombolezo ya Baluba. Sanctus kwa wimbo wa kuagana. Hosanna kwa mwendo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei kwa wimbo wa Bena Luluwa. Hawakuimba kwa kusoma noti. Kila mmoja aliisikiliza sauti ya mwenzake, akaongeza yake. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo, iitwayo Misa Luba, iliadhimishwa Kamina.

Mwaka huo huo kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Iliimba pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Tusisahau kwamba katika maonyesho hayo hayo Wakongo wengine waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watazamwe, na baadhi ya watazamaji waliwatupia chakula kama wanyama. Ndugu zetu hao walikataa aibu hiyo, wakaondoka. Basi mahali pale pale ambapo Mkongo alidharauliwa, watoto wa shule walisikika wakimwimbia Mungu kwa sauti ya mababu zao.

Mnamo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati juu ya liturujia, ukahimiza muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Wavulana wa Kamina walikuwa wametangulia kwa miaka mitano. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya nchi yetu, ambayo leo wengi huiita ya kiibada cha Kongo.

Hata hivyo, kuna jambo linalotuhuzunisha. Santuri ya Misa Luba ilizunguka dunia, na mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Kiingereza. Jina la Padri Haazen lilijulikana. Mwalimu Joachim Ngoi, mwimbaji wa sauti ya pekee, alitajwa pia. Lakini wale wavulana walibaki wakiitwa kwa jina la kundi tu, ingawa nyimbo zilikuwa za jamaa zao.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi cha vijana kifungue daftari. Tuandike humo majina ya waimbaji wetu, ya waliotunga nyimbo, ya wazee waliotufundisha mapigo ya ngoma, na tarehe tulipoimba. Nao wazazi wakituuliza tunafanya nini baada ya masomo, tuwaonyeshe daftari hilo, kisha tuwaombe watufundishe wimbo mmoja ambao hatujausikia bado.