Vazi la Ngoma ya Lamentation

Nguo hii ya zambarau, iliyofumwa kwa jinsi ya kuvutika na kushonwa mfano wa foronya iliyo wazi ncha zote mbili, ndiyo namna ya vazi alilolivaa Bi Martha Graham mjini New York tarehe 8 Januari 1930, alipoicheza peke yake Lamentation, yaani ngoma ya maombolezo, kwa muziki wa Zoltán Kodály, ilhali ameketi juu ya benchi takriban muda wote. Tazama mshono: haina mikono wala kiuno, kwa kuwa azma yake ilikuwa kila apindapo kiwiko au anyooshapo goti, nguo ivutike na kufanya mikunjo ya mshazari, hata huzuni idhihirike katika kitambaa kabla ya kudhihirika usoni.

Graham, aliyezaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1894, akaunda kundi lake la ngoma mwaka 1926, aliuacha wepesi wa baleti, ambamo mchezaji hujifanya kana kwamba ardhi haimhusu, akaisimamisha fani yake juu ya pumzi: tumbo hubanwa hewa itokapo na mgongo ukapinda, kisha huachiliwa hewa iingiapo. Waliozoea madaha waliiona ngoma hiyo kavu, wala si bila sababu.

Mwaka 1936 Graham aliukataa mwaliko wa Berlin wa kucheza wakati wa Olimpiki, chini ya serikali ya Hitler. Alifariki mwaka 1991.

Vazi limehifadhiwa kwa kuwa pasipo nguo ya namna hii ngoma yenyewe haichezeki.