Darubini ya mwindaji, kutoka milimani hadi vitani

Neno darubini limetokana na Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Katika karne ya 19, huko kuona mbali ndiko kulikokuwa kazi ya kutwa ya waongozaji wa wawindaji wa kulungu katika milima ya Scotland. Mlima hauna miti, na kulungu ana pua kali. Anayechelewa kumwona amekwisha kumkosa.

Waongozaji hao walibeba darubini ya jicho moja, bomba la shaba linalovutwa likarefuka, ndani ya mkoba wa ngozi. Ilikuza mara 20 hivi, lakini ilikuza mara 20 pia kila mtetemeko wa mkono. Kwa hiyo mwongozaji alilala chali, akakunja goti, akaliegemeza bomba hapo au kwenye fimbo yake, kisha akaupekua mlima jiwe baada ya jiwe.

Mwaka wa 1894, kampuni ya Carl Zeiss ya mjini Jena, Ujerumani, ilianza kuuza darubini ya macho mawili yenye vipande vya kioo vinavyoupindisha mwanga ndani yake. Chombo kikawa kifupi, chepesi kushika, kikaonyesha eneo pana. Hata hivyo kilikuza mara chache tu, na wazee wa Scotland hawakulitupa bomba lao. Darubini mpya ilionyesha kwamba pale yupo kulungu. Ile ya zamani ilihesabu matawi ya pembe zake.

Tofauti hiyo ikaja kuwa ya kufa na kupona. Mnamo mwaka wa 1900, Lord Lovat aliunda kikosi cha Lovat Scouts kupigana na Makaburu huko Afrika Kusini, akawaandikisha watu wa milimani, wengi wao waongozaji hao hao. Vita vikuu vilipozuka mwaka wa 1914, Lord Roberts aliwasihi Waingereza waliazime jeshi darubini zao, hata za kuwindia. Sababu ilikuwa chungu: Uingereza ilikuwa imezoea kununua vioo vyake bora kwa adui.

Mwaka wa 1916, walenga shabaha wa Lovat Scouts walipelekwa kwenye mahandaki ya Ufaransa. Hesketh-Prichard, mwindaji aliyeanzisha huko shule ya kulenga shabaha, aliyathamini macho yao kuliko bunduki zao. Walikaa wawili wawili, wakipokezana bomba, maana jicho moja huchoka upesi.