Jinsi-mbili: jeni ya dume, jike na bawa

Wanajenetiki wana desturi ya kuipa jeni jina la hitilafu inayojitokeza inapoharibika. Mwaka 1965 P. E. Hildreth alieleza inzi wa matunda, Drosophila, ambao jeni yao moja ilikuwa na kasoro: madume kwa majike, wote walitokea huntha. Jeni hiyo ikaitwa doublesex.

Kwa Kiswahili napendekeza jinsi-mbili. Wapo watakaovutiwa na “jeni huntha”, kwa kuwa huntha ni neno letu la siku nyingi. Lakini jina hilo hutaja kasoro na kuiacha kazi. Jeni iliyo nzima hutoa ujumbe wa RNA unaokatwa na kuungwa kwa namna moja katika dume na namna nyingine katika jike, hivyo jeni ile ile huzaa protini mbili. Na iwe jinsi, si jinsia, maana jinsia tumeiachia majukumu ya wanawake na wanaume katika jamii.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kazi yake haiishii kwenye viungo vya uzazi. Wapo nyigu wadogo wa Nasonia, wanaotaga mayai katika pupa za inzi. Dume wa Nasonia vitripennis ana mabawa madogo, hawezi kuruka; wa Nasonia giraulti ana makubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kipande cha kromosomu ya giraulti kilihamishiwa kwa vitripennis kwa kuzalisha machotara kizazi baada ya kizazi, na mabawa ya madume yakaongezeka ukubwa kwa asilimia 45. Kipande hicho kilikutwa pembeni mwa jinsi-mbili, mahali pasipo na maelekezo ya kuunda protini yoyote. Yaelekea ni swichi: huenda huamua jeni ifanye kazi kiasi gani. Katika bawa changa la dume wa vitripennis jeni hufanya kazi zaidi, na bawa hudumaa.

Kwa kipepeo Papilio polytes wa Asia, jeni hiyo hiyo huamua kama jike ataiga sura ya vipepeo wenye sumu. Dume naye huweza kubeba nakala ya kuiga, ila haionyeshi.

Kwa hiyo “jeni inayoamua jinsi” ni tafsiri potofu. Uamuzi hupitishwa mapema zaidi, kwa njia zinazotofautiana sana toka mdudu hadi mdudu. Jinsi-mbili huupokea na kuutekeleza katika viungo, bawa likiwemo. Wahariri wa kamusi na walimu wa biolojia, naomba tuandike jinsi-mbili, na ufupisho wa kimataifa, dsx, tuuache ulivyo.