Katanga katika Vita Kuu ya Pili

Tunapohesabu mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hututajia Marekani, Uingereza, Urusi na Ufaransa. Jimbo letu halimo. Lakini vita ile ilihitaji mno mali ya Katanga, na kijana wa Ruashi anayepita kila siku kando ya machimbo ya shaba anayo haki ya kujua ni kwa namna gani, na kwa gharama ya nani.

Tarehe 28 Mei 1940 Ubelgiji ulisalimu amri mbele ya Wajerumani. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Waingereza. Askari wa Force Publique walivuka Sudan wakaingia Uhabeshi, wakapigana Asosa, na mwezi wa Julai 1941 jenerali Mwitalia Gazzera akajisalimisha huko Saio. Nyuma yao walikuwapo wapagazi, ambao vitabu huwataja kwa sentensi moja tu.

Uzito wa Katanga, hata hivyo, ulikuwa shimoni. Vita vilidai shaba kwa ajili ya risasi na nyaya, bati, na kobalti. Union Minière ikaongeza kazi. Bei za sokoni zikapanda. Mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi weusi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, hapa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa kwa risasi, na askari wakaufyatulia umati. Hesabu ya serikali ilitaja makumi ya watu. Wazee wetu husema ni wengi kupita hapo. Walikuwa wakiomba mshahara unaotosha kula, na bunduki zilizowajibu zilikuwa za jeshi lile lile lililosifiwa kwa ushindi wa Saio.

Vijijini mambo hayakuwa mepesi zaidi. Japani ilipoteka mashamba ya mpira ya Malaya mwaka 1942, siku za kazi ya lazima kwa mwanakijiji wa Kongo zilifikishwa hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta utomvu wa mpira, kazi ambayo babu zao waliilaani tangu enzi ya Leopold.

Na kuna Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe ya urani ya huko yalikuwa na utajiri ambao haukuwa na mfano: mengine yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha 65 kwa mia, hali machimbo ya Marekani na Kanada yalitoa chini ya 1 kwa mia. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alikuwa amekwisha kupeleka takriban tani 1,200 New York. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua, kisha likadai nyingine. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima, la tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwetu. Wachimbaji waliyachagua mawe hayo kwa mikono. Hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala vumbi lake linafanya nini mwilini.

Wanahistoria huuita huo mchango wa Katanga. Neno hilo linatusumbua. Katika jumuiya zetu mchango ni kitu anachotoa mtu kwa mkono wake, akijua kinakwenda wapi. Aliyenyang'anywa hatusemi amechanga. Pengine waliojitolea walikuwapo, hasa miongoni mwa askari, nasi hatutaki kuwanyima heshima yao. Lakini wa shimoni na wa msituni hawakuulizwa.

Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimpa Sengier nishani. Hata madini moja yaliitwa kwa jina lake, sengierite. Ruashi ilijengwa baada ya vita, na baadhi ya familia zilizohamia hapa zilitoka katika kambi zile za wafanyakazi. Vikundi vyetu vya vijana vinaweza kuanzia kwa wazee wa mtaa, kwa swali jepesi: babu yako alifanya kazi wapi mwaka 1941, na jina lake lilikuwa nani?