Kidonge Kilichopita Njia ya Mkato

Mwaka 1954 madaktari watatu wa Minnesota, Marekani, Kremen, Linner na Nelson, waliandika juu ya upasuaji ambao haukuwa umezoeleka: kuunga mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, sehemu kubwa ya katikati ikiachwa pembeni, ili mtu mnene ale lakini mwili usifyonze chakula chote. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, serikali ya Marekani iliruhusu Enovid itumike kuzuia mimba. Kwa mara ya kwanza mwanamke akaweza kumeza kidonge kila siku na kupanga uzazi wake.

Mambo hayo mawili yalikua pamoja, kila moja kwenye kliniki yake. Daktari wa upasuaji alihesabu kilo, daktari wa wanawake akahesabu siku za hedhi. Mgonjwa alikuwa mmoja, lakini ilipita miaka mingi kabla ya mtu kuuliza kidonge kinafanya nini ndani ya utumbo uliofupishwa.

Na ulifupishwa kweli. Mwaka 1969 Payne na DeWind wa California walipendekeza sentimita 35 za mwanzo wa utumbo ziungwe na sentimita 10 za mwisho. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufikia takribani mita 6, kwa hiyo chakula kilibakiwa na njia isiyotimia hata nusu mita. Wagonjwa walipungua sana. Waliharisha pia, wakapata mawe kwenye figo, na baadhi yao ini likaharibika kabisa. Kufikia miaka ya 1980 madaktari wengi walikuwa wameuacha upasuaji huo, na maelfu ya waliokwisha kufanyiwa wakabaki na matumbo yao mapya.

Kidonge cha uzazi wa mpango hakifanyi kazi kwa kumezwa tu. Homoni zake lazima zipenye ukuta wa utumbo ziingie kwenye damu. Estrojeni yake hupita kwenye ini, sehemu yake humwagwa na nyongo hadi utumboni, kisha hufyonzwa tena. Ukiukata utumbo huo umeingilia safari hiyo yote. Mwaka 1987 watafiti, akiwamo John Kral, waliwapima wanawake waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo na kukuta kiwango cha projestini, homoni nyingine ya kidonge, kiko chini kwenye damu yao. Robo karne na zaidi ilikuwa imepita tangu Enovid iruhusiwe.

Wakati huo upasuaji wenyewe ulikuwa umebadilika. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa aliona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula hupungua na hawanenepi tena kirahisi. Mwaka 1966, yeye na mwenzake Chikashi Ito walianza kuugawa mfuko huo na kuunganisha kipande kidogo cha juu moja kwa moja na utumbo. Huko Genoa, Italia, Nicola Scopinaro alikuja na upasuaji wa kuichepusha nyongo, ambao hupunguza sana ufyonzaji. Tangu 1994, madaktari Wittgrove na Clark walipoonyesha kwamba kazi ya Mason inaweza kufanywa kwa matundu madogo na kamera, idadi ya wagonjwa ilipanda kwa kasi. Marekani, takribani wanne kati ya kila watano ni wanawake, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa.

Hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Unene mkubwa huvuruga homoni: mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni, insulini hupanda, mayai hayapevuki, hedhi huruka miezi. Wanawake wengi walioingia chumba cha upasuaji walikuwa wameshaambiwa, au wameshaamini, kwamba hawashiki mimba. Walikuwa wameacha kinga zamani. Kilo zilipoanza kushuka, hedhi ilirudi ndani ya miezi michache, na mimba ikaja katika kipindi kibaya kuliko vyote, pale mwili unapokuwa na upungufu wa madini ya chuma, foliki na vitamini B12. Mwaka 2015 utafiti wa Sweden ulionyesha pande zote mbili: waliojifungua baada ya upasuaji walipata kisukari cha mimba mara chache kuliko wasiofanyiwa, asilimia 1.9 dhidi ya 6.8, lakini watoto wenye umbo dogo kuliko umri wao tumboni walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 7.6.

Onyo lilikuwepo. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za afya za taifa za Marekani mwaka 1991 ulitaka wanawake wawe na kinga ya uhakika wakati uzito unaposhuka. Kinga ipi? Ushahidi ulikuwa kidogo mno. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya wanawake 9 waliokuwa wakimeza vidonge baada ya nyongo kuchepushwa. Wawili kati yao walishika mimba. Mtafiti Paulen na wenzake walipokusanya tafiti zote mwaka 2010, hiyo ilikuwa bado miongoni mwa chache zilizohesabu mimba. Ni aibu kwa tiba iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka huohuo wa 2010 mwongozo wa Marekani uliweka mstari: pale utumbo ulipochepushwa, vidonge kwa kawaida visipendekezwe, kitanzi, kijiti na sindano vinafaa. Ni zilezile njia ambazo wanawake wa Tanzania na Kenya wamezizoea kliniki, maana hazipiti tumboni. Kijiti kilipimwa Ufaransa kwa wanawake watatu waliopungua sana. Homoni ilishuka lakini ikabaki juu ya kiwango cha kuzuia mimba. Sindano ina kasoro yake: hupunguza uimara wa mifupa, wakati upasuaji nao umeshapunguza ufyonzaji wa kalisi.

Kabla ya kisu kuna hatari nyingine. Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, jambo lililoripotiwa Uingereza tangu 1961, na unene pamoja na upasuaji huongeza zaidi. Ndiyo maana madaktari wengi husimamisha vidonge vyenye estrojeni wiki kadhaa kabla, na wiki hizo mwanamke asiachwe bila mbadala. Huko Cincinnati walipata jibu zuri: katika taarifa ya mwaka 2011, wasichana 23 kati ya 25 waliwekewa kitanzi cha homoni wakiwa bado katika usingizi uleule wa upasuaji.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Utafiti wa wanawake 710 katika hospitali 10 za Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta kwamba katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, ingawa ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, asilimia 41.5 walifanya ngono bila kinga ingawa hawakutaka mimba.

Sasa kuna sindano za kupunguza uzito, na historia inajirudia. Mojawapo, tirzepatide, huchelewesha chakula tumboni, na maelezo yake rasmi yanamtaka anayemeza vidonge atumie njia nyingine, au aongeze kondomu, kwa wiki 4 za mwanzo na wiki 4 kila dozi inapopandishwa. Anayefikiria upasuaji au sindano hizo aulize siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupimwa kilo: nitazuia mimba kwa njia gani, na kuanzia lini? Daktari asiyekuwa na jibu ampeleke kwa mwenye nalo.