Lugha Isiyo na Mwenyewe, kutoka Warsaw hadi Lubudi

Mwaka 1887, mjini Warsaw, daktari wa macho aitwaye Ludwik Zamenhof alitoa kijitabu cha lugha aliyoibuni mwenyewe. Hakutia jina lake. Alijiita Daktari Esperanto, yaani mwenye kutumaini. Alizaliwa Białystok, ambako Mpolandi, Mrusi, Mjerumani na Myahudi waliishi jirani bila kuelewana, na aliamini ugomvi wao ungepungua wakipata lugha ya pamoja isiyo mali ya yeyote kati yao.

Miaka hiyohiyo Bunkeya, ambayo leo imo katika wilaya ya Lubudi, mkoani Lualaba, ilikuwa na shida ileile bila daktari wa kuitibu. Ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akajifanya mfalme wa Garenganze. Misafara ya Ovimbundu iliingia kutoka Angola, na ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ya mashariki, kufuata shaba, pembe na watumwa. Kiswahili kilifika na misafara hiyo ya mashariki. Desemba 1891 msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulimuua Msiri. Lugha ya wafanyabiashara haikufa naye.

Kisha, katika eneo hilo la Katanga, yakaja machimbo. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mji wa Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1918 ikafika Bukama kwa kupitia Lubudi. Mwanzoni wachimbaji wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na Kiingereza kilisikika sana kazini, jambo lililowatia Wabelgiji wasiwasi. Walipoanza kuandika watu kazi kutoka Lomami, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, na baadaye kuwaweka kambini na wake na watoto wao, Kiswahili ndicho kilichopewa nafasi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian ameonyesha jinsi serikali, wamisionari na makampuni walivyotia mkono humo. Kwa hiyo tusikipambe: Kiswahili cha Katanga kilitumika pia kutolea amri.

Lakini amri peke yake haiifanyi lugha ipendwe. Msanga, Mluba, Mlunda na Myeke hawakuwa tayari kumezwa mmoja na mwenzake, na Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yao. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokipa nguvu, na ndilo hasa Zamenhof alilokuwa akilitafuta.

Mzungumzaji wa Kiswahili akifungua Kiesperanto, lugha hiyo ya Zamenhof, leo hahisi ugeni mkubwa. Vokali ni tano zilezile, neno huandikwa linavyotamkwa, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Shina moja huzaa ukoo mzima: *lerni* ni kujifunza, *lernanto* mwanafunzi, *lernejo* shule. Mtoto aliyezoea soma, somo na msomi hahitaji kuambiwa mara mbili. Kwa kijana anayepigana na vitenzi vya Kifaransa visivyofuata kanuni, lugha isiyo na vighairi inavutia kweli.

Wakubwa wa dunia hawakuvutiwa kiasi hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wazo la kufundisha Kiesperanto shuleni lilifikishwa mbele ya Shirikisho la Mataifa, Geneva. Ufaransa ikalipinga, maana Kifaransa ndicho kilichotawala diplomasia. Kiesperanto kikabaki kwa wapenzi wake, ambao tangu mwaka 1905, walipokusanyika Boulogne-sur-Mer, wamekuwa na makongamano ya kimataifa. Ilichukua karibu miaka 120 mkutano huo mkuu kufanyika Afrika: Arusha, Agosti 2024. Wageni hao wa lugha iliyobuniwa mezani walifikia katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa kimeshaifanya kazi hiyohiyo ya kuunganisha makabila.

Kiswahili cha Katanga nacho hakikungoja kitabu cha sarufi. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, chama cha waliokuwa maboi wa Wazungu kilitoa historia ya koloni la Kibelgiji, iliyoandikwa na André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Yaliyomo ni Kiswahili kama kinavyosemwa na watu wa mji, bila kujali tahajia ya shuleni, na historia hiyo inasimulia habari za mabwana wa jana kwa lugha ambayo mabwana hao walikuwa wakiitumia kuagizia chakula mezani.